Namna ya Kuandaa Orodha ya Haki ya Kaya Zenye Njaa Mtaani: Mafunzo ya Wakati wa Korona Kisumu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye siku moja ataitwa na mzee wa mtaa, na kanisa, na msikiti au na chama chake, aambiwe alete majina ya watu wasio na chakula kabla ya kesho kutwa. Mimi niliitwa hivyo Nyalenda, mtaa mmoja wa Kisumu, mwezi wa Aprili 2020. Tulikaa watu wanne kwenye kibaraza cha duka, tukaandika majina arobaini kwa muda wa saa moja na nusu, na orodha ile ilikuwa na makosa ambayo yananiuma mpaka leo. Hatukuiba, wala hatukukusudia kuwapendelea ndugu zetu. Tuliandika tu watu tuliowajua, na kwa kufanya hivyo tukawaacha nje wale ambao dhiki yao ilikuwa mpya, au ya kimya, au ilikaa nyuma ya mlango ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuubisha. Orodha ya namna hiyo huzidisha tofauti iliyokuwapo, kwa kuwa anayejulikana hupata mara mbili na asiyejulikana hukosa mara zote. Ndiyo sababu naomba kazi hii ifanywe sasa, kukiwa shwari.

Elewa kwanza nani huanguka, na kwa njia gani

Kabla ya kushika kalamu, kikao chenu kijikumbushe jinsi dhiki ya 2020 ilivyoingia nyumbani, kwa sababu haikuingia kwa ugonjwa peke yake. Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alithibitishwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi ikawekwa kafyu, yaani amri ya kutotoka nje, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mchukue mama anayekaanga samaki kando ya barabara pale Kondele. Biashara yake huanza jua likipungua makali, watu wanapotoka kazini, na huchanganya kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Kafyu ilimwachia muda wa wateja waliokuwa wakikimbilia nyumbani bila kusimama. Samaki wasiouzwa hawangeweza kungoja kesho kwa mtu asiye na friji, na kwa kuwa pesa ya samaki wa leo ndiyo inunuayo samaki wa kesho, jioni tatu mbaya zilitosha kumfanya ale mtaji. Ukishakula mtaji, kafyu hata ikilegezwa huna cha kurudi nacho barabarani.

Wengine waliangushwa kwa njia nyingine. Uagizaji wa mitumba ulipigwa marufuku hadi Agosti 2020, na wauzaji wadogo wanaotegemea marobota ya soko la Kibuye wakakosa mali mpya. Matatu ya viti kumi na vinne iliamriwa kubeba abiria wanane, nauli ikapanda. Kaunti nyingi zilifunga masoko ya wazi. Mama fua, yaani wanawake wanaofulia watu nguo kwa malipo, walikatazwa milango na waajiri walioogopa kuambukizwa. Walimu wa shule za kibinafsi walikaa bila mshahara kwa miezi mingi, kwani wanafunzi wote hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na watoto waliokuwa wakipata mlo wa mchana shuleni sasa walikula nyumbani, kutoka sufuria ileile iliyokuwa imepungua. Katika miezi hiyohiyo maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijawahi kuonekana hadi wakati huo, mito ikafurika Nyando na Budalang'i, na waliohama makwao wakaja kulala kwa jamaa mjini, wakaongeza vinywa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zimeelemewa. Huko Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, mashamba ya maua yaliwarudisha wafanyakazi nyumbani kwa sababu soko la Ulaya lilikuwa limeporomoka.

Tofauti ilionekana wazi kwenye namna ya kununua. Mwenye mshahara na friji alinunua bale la unga na mafuta ya lita tano akakaa nyumbani. Anayenunua kwa kadogo, yaani mafuta ya shilingi ishirini na sukari ya kumi, hulazimika kutoka kila siku, na kwa hesabu ya kilo hulipa zaidi kuliko tajiri. Hata nafuu ya serikali haikumfikia kila mtu kwa usawa: wanaopata mshahara wa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato, jambo jema, lakini kibarua asiye na hati ya mshahara hakuwa na kodi ya kuondolewa. Mwaka uliofuata, Juni 2021, kaunti kumi na tatu za magharibi na ukanda wa ziwa, Kisumu ikiwamo, zilirudishiwa kafyu ya saa moja jioni huku sehemu nyingine za nchi zikiwa na ruhusa hadi saa nne usiku. Kwa hiyo mnapokaa kuandaa orodha, ulizeni swali hili: katika mtaa wetu, ni nani anayeishi kwa pesa ya siku, na ni kitu gani kikifungwa ndicho kitakachomkata?

Hesabu milango kabla ya kuandika majina

Msianze na majina. Anzeni na ploti, yaani kiwanja kimoja chenye vyumba vya kupangisha. Tembeeni mkiwa wawili wawili, ploti kwa ploti, mkihesabu milango na kuandika ni ipi yenye watu. Mzee wa mtaa huwafahamu wenye nyumba, lakini wapangaji wa vyumba vya mabati, ambao ndio wengi Nyalenda, Manyatta na Obunga, huhama kila kodi inapowashinda, na hakuna anayejua majina yao.

Kaya ihesabiwe kwa maana ya watu wanaokula chungu kimoja. Maana hii ni bora kuliko ya nyumba au ukoo, kwa sababu chumba kimoja chaweza kuwa na kaya mbili zinazopika kando, na bibi anayelala ploti nyingine anaweza kuwa wa chungu cha binti yake. Andikeni idadi ya watu wazima, watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye ulemavu, halafu mwendelee mbele. Taarifa hizi zinatosha kwa mzunguko wa kwanza.

Watembezi wasiwe wa aina moja. Kamati ya watu watano hadi saba inatosha, ilimradi angalau wawili wawe wapangaji, mmoja awe kijana, na mmoja awe mtu anayeishi na ulemavu au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Mhudumu wa afya ya jamii ni wa lazima, kwa kuwa milango mingi tayari imemzoea. Mwenye duka msimweke kwenye kamati, maana atakuwa na maslahi katika ununuzi, lakini mkamsikilize. Nilijifunza kwake jambo ambalo sikulitarajia. Alifungua daftari lake la madeni, akaniambia nisiangalie waliokopa sana mwezi ule, bali wale ambao mistari yao ilikatika ghafla. Anayekopa bado anaaminiwa na bado anakula. Aliyeacha kuja dukani huenda amekataliwa mkopo, au anaona aibu kwa deni la zamani, na huyo ndiye wa kutembelewa kwanza. Msimwombe mwenye duka majina wala viasi vya madeni ya watu. Mwombeni tu awaelekeze ploti ambazo wateja wake wamepotea.

Usipime njaa kwa macho

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Kwenye ploti moja aliishi mwalimu wa shule ya kibinafsi pamoja na watoto wake watatu. Jina lake lilipotajwa, mimi ndiye niliyesema hapana, nikisema ana makochi na televisheni. Nilipopita kwake Jumanne moja kwa shughuli nyingine, aliniambia kwa tabasamu kwamba wako sawa. Mkebe wa makaa ulikuwa mlangoni umejaa hadi juu, na kipande kimoja kikubwa kimeegemea ukingo. Jumamosi nikapita tena. Kile kipande kilikuwa bado kimeegemea palepale. Kwa siku nne hakuna aliyekuwa amewasha jiko katika nyumba ile, na mimi nilikuwa nimemkata kwa sababu ya makochi yaliyonunuliwa siku za mshahara. Televisheni aliiuza mwezi wa Juni ili alipe kodi.

Kwa hiyo msitumie vyombo vya nyumbani kama kipimo. Tumieni maswali yaleyale kwa kila kaya. Yako maswali matatu yanayotumiwa katika nchi nyingi kupima njaa ya kaya, na hayahitaji elimu ya juu kuyauliza. La kwanza ni hili: katika wiki nne zilizopita, je, kuna wakati ambapo nyumbani hapakuwa na chakula cha aina yoyote kwa sababu hamkuwa na uwezo wa kukipata? La pili: je, wewe au mtu yeyote wa kaya hii alilala na njaa kwa sababu chakula hakikutosha? La tatu: je, wewe au mtu yeyote wa kaya hii alipitisha mchana kutwa na usiku kucha bila kula chochote kwa sababu chakula hakikutosha? Anayejibu hapana huandikiwa 0. Anayejibu ndiyo huulizwa ni mara ngapi: mara moja hadi kumi ni alama 1, zaidi ya mara kumi ni alama 2. Jumlisheni. Alama 0 au 1 huonyesha njaa ndogo au kutokuwapo kwake, 2 au 3 ni njaa ya wastani, na kuanzia 4 hadi 6 ni njaa kali ambayo haifai kungoja kikao kijacho.

Maswali hayo hukamata walio pabaya tayari. Ili kuwaona wanaoelekea huko, ongezeni maswali matano kuhusu siku saba zilizopita, mkiuliza kila jambo lilifanyika siku ngapi: kula chakula cha bei nafuu au wasichokipenda, kuazima chakula au kutegemea jamaa, kupunguza kiasi wanachopakua, watu wazima kujinyima ili watoto wale, na kupunguza idadi ya milo. Siku za kuazima zidisheni kwa 2, siku za watu wazima kujinyima zidisheni kwa 3, nyingine zihesabuni zilivyo. Tuseme mama fua wa Manyatta anasema chakula cha bei nafuu ni siku zote 7, kuazima siku 2, kupunguza kiasi siku 5, yeye mwenyewe kujinyima siku 3, na kupunguza milo siku 6. Hesabu yake ni 7 na 4 na 5 na 9 na 6, jumla 31, na kiwango cha juu kabisa ni 56. Tazameni hasa ile 9. Mama anayejinyima siku tatu kwa wiki huku akifulia watu nguo kwa mikono anakaribia kuanguka, hata kama watoto wake bado wananenepa.

Namna ya kuuliza ina uzito kama swali lenyewe. Muulizeni anayepika, mkiwa naye kando, wala msimuulize mbele ya mume, majirani au watoto, kwa maana hakuna mzazi atakayekiri mbele ya mwanawe kwamba alimdanganya kuwa ameshiba. Uliza kwa lugha ambayo mtu huyo hulalamika kwayo, iwe Kijaluo, Kiluhya au Kiswahili. Fafanua pia maana ya kula. Kwa wengi wetu huku ziwani, aliyekunywa chai na mandazi mchana atakwambia hajala, kwa kuwa hajaona ugali. Bila kufafanua, utaandika njaa kali mahali ambapo pana mlo mdogo. Na wiki nne zifungeni kwenye jambo linalokumbukwa, kwa mfano tangu mlipolipa kodi ya mwezi uliopita.

Wanaosahaulika

Baada ya mzunguko wa kwanza, kaeni na daftari la ploti mtafute milango isiyo na jibu. Huko ndiko walipo mabawabu wanaolala mchana, wavuvi wa omena, yaani dagaa, wanaotoka usiku na taa zao, na wasichana wanaofanya kazi za nyumbani na kulala kwa waajiri. Rudini saa tofauti, angalau mara mbili.

Kisha ulizeni nani hana kitambulisho. Asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na asiye na laini hawezi kupokea pesa kwa M-Pesa. Mwaka 2020 ada za kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ziliondolewa, na jamaa wengi waliokoana kwa njia hiyo, lakini vijana waliofikisha miaka kumi na minane bila kupata kitambulisho, pamoja na wazee waliopoteza chao kwenye mafuriko, walilazimika kupokea kwa simu ya mtu mwingine, na si kila mtu mwingine hufikisha. Andikeni kando ya jina: anapokea kwa simu ya nani, na ana imani naye kiasi gani.

Muulizeni pia mwanamke kama angependa jina lake liandikwe badala ya la mume. Wapo akina mama ambao msaada ulipita mikononi mwa mume ukaishia njiani. Mkikuta dalili za kipigo, msigeuke wapatanishi; mpeni nambari 1195, ambayo ni ya bure kwa visa vya ukatili wa kijinsia, na kwa mtoto anayeteswa au aliyetelekezwa pigeni 116.

Kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mhudumu wa afya awapime kwa utepe mzunguko wa mkono, sehemu ya juu ya kiwiko. Mzunguko ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungoja kikao. Kati ya 11.5 na 12.5 aandikishwe kwa ajili ya lishe ya ziada na apimwe tena.

Malalamiko na siri

Mtangaze vigezo, yaani maswali na alama, kwenye mkutano wa ploti zote, ili kila mtu ajue kwa nini jirani ameingia na yeye hajaingia. Majibu ya mtu binafsi msiyatangaze. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na hata bila sheria, hakuna mtu anayestahili kusikia idadi ya siku alizolala na njaa ikisomwa chini ya mwembe. Ombeni ruhusa kabla ya kuandika, na anayekataa aachwe kwa heshima.

Toeni siku mbili za malalamiko, yapokewe na mtu ambaye hakuwamo katika kamati. Mlalamishi aulizwe maswali yaleyale na mtembezi mwingine. Nimeona malalamiko mengi yakiisha hapo, kwa sababu mtu akiona kwamba amepimwa kwa kipimo kilekile kama mwenzake, hasira hupungua hata alama zake zikibaki chini.

Wakati wa kugawa

Panapowezekana, gaweni pesa, kwa maana kila kaya ina pengo lake. Panapolazimu kugawa chakula, fikirini moto kabla ya nafaka. Mahindi makavu na maharagwe hudai makaa ya nusu siku, na familia isiyo na makaa ikipewa maharagwe imepewa kitu cha kuuza kwa hasara. Unga, omena waliokaushwa vizuri, mafuta, chumvi na sabuni vinafaa zaidi. Hesabuni vinywa: pakiti ya kilo mbili, kwa watu sita wanaokula ugali mlo mmoja tu kwa siku, haivuki siku mbili, kwa hiyo kuipa kila kaya pakiti moja bila kujali ukubwa ni kuwanyima wenye watoto wengi. Mkipima kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia nafaka, tumieni moja tu isiyobonyea, watu wakiiona.

Msiwakusanye watu mahali pamoja. Aprili 2020 watu walijeruhiwa Kibera katika msukumano wa kugombania chakula. Pelekeni mlangoni au gaweni kwa zamu za ploti, na kamera zikae mfukoni.

Wakati huohuo, orodha itumike kudai kilicho haki. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Mzee wa miaka 70 au zaidi asiye na pensheni, kaya inayolea yatima, na kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa wanaweza kuombewa usajili wa Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Msindikizeni hadi kwa naibu chifu akiwa na vitambulisho vyake, kwa sababu nauli na foleni ndizo huwakatisha tamaa wengi.

Kuiweka hai

Rudieni maswali kila wiki nne wakati wa dhiki. Wakati wa shwari rudieni mara mbili kwa mwaka: Januari, karo na sare zinapomaliza akiba, na kati ya Mei na Juni, kabla mahindi ya msimu wa masika hayajavunwa na bei ya gorogoro ikiwa juu. Aliyepata nafuu aondolewe baada ya kuelezwa, na nafasi yake ipewe anayefuata kwa alama.

Nakala ya milango na idadi ya watu ikae kwa katibu. Karatasi za majibu zifungiwe mahali pengine, funguo zikiwa kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na zile za mzunguko uliopita zichomwe mzunguko mpya ukikamilika. Na siku ya kurudi, msianze na waliopata alama nyingi, kwa kuwa hao mnawafahamu tayari. Anzeni na milango iliyowajibu kwamba wako sawa.